Damu Iliyorudishwa

Mwaka ule Doto alipogongwa na pikipiki pale Igoma
tulikwenda watu kumi na mmoja kumtolea damu.
Kumi zilipokelewa.
Ya kaka yangu Luhende ilirudishwa, na kijikaratasi:
homa ya ini, B, chanya.
"Damu yako haifai, kaka," akasema nesi, akaita mwingine.
Luhende alicheka hadi nyumbani:
chanya si ndiyo kujumlisha? Si ndiyo heri?
Mama akakichomeka nyuma ya picha ya kipaimara,
tukala ugali na furu.

Hakuumwa popote. Hilo nataka lieleweke.
Miaka kumi na saba alinyoosha ringi za baiskeli Mabatini,
spoku kati ya meno,
akapanda mawe ya Bugarika na ndoo ya maji begani,
macho meupe, hamu ya kula ipo.
Ini halina mdomo.
Mgeni siku mbili, walisema, ya tatu mpe jembe.
Huyu hatukumpa.
Alilichukua mwenyewe, akalima usiku
shamba ambalo hakuna aliyelikagua.

Machi, akinyoa ndevu, akagusa kokoto chini ya taya.
"Sasa mimi ni Mwanza kamili," akasema, "nimeota jiwe."
Likaja la pili, kwapani. La tatu.
Shuka tukaziamkia zimelowa, kama zimeopolewa ziwani.
Mkanda ukaongezwa tundu kwa msumari wa moto,
kisha tundu jingine.
Jirani akaleta majani ya kukanda; mwingine akasema kifua kikuu;
mimi nikasema atapona,
kwa kuwa sikuwa na neno lingine.

Bugando walikata kipande cha jiwe lile.
Lilikuwa nyama.
Wiki tatu, kisha daktari Kokusima akatuita,
mlango akaufunga polepole:
"Limfoma. Saratani ya tezi."
Na kabla hatujakaa sawa:
"Amewahi kupimwa homa ya ini?"

Nikaiona picha ya kipaimara
ikigeuka yenyewe ukutani.

Alichora nyuma ya boksi la glavu.
Hawa ni walinzi, alisema. Kirusi hakiondoki, basi walinzi hawalali;
wanaitwa, wanajigawa wawe wengi, wanaitwa tena,
na katika kujinakili kote huko mmoja anakosea,
hasikii tena filimbi ya mwisho wa zamu.
"Si kila mwenye homa ya ini hufika huku. Wengi hawafiki.
Wala siwezi kukuapia kwamba kwa kaka yako ndicho kisa.
Ila njia ipo, na nimeona nyayo."

Kisha: kidonge cha ini kwanza, dripu baadaye.
Tukiwalaza walinzi wote kabla ya hapo
mgeni ataamka, nyumba iwe yake.

Siku hiyohiyo wakatutoboa vidole, familia nzima.
Mama: chanya.
Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani,
akauliza kwa Kisukuma kama mtu anaweza kumrithisha mwanawe
kitu ambacho hakujua anacho.
"Wakati wa kuzaliwa, mama," akasema daktari, nami nikatafsiri.
"Hukumpa. Kilipita."
Neno la mwisho nililitafsiri mara mbili.

Mimi: hasi.
Neno la kutoa hilo, la kupunguza.
Nililikunja nikaliweka kifuani
wakanichoma chanjo ya kwanza kati ya tatu.

Luhende yuko dripu ya nne.
Nywele zimekwisha; jiwe la taya limerudi kuwa kokoto,
kokoto inaelekea kuwa punje ya mtama.
Hatusemi zaidi ya hapo.
Jana aliomba kile kijikaratasi.
Nikakitoa nyuma ya fremu, wino umekuwa rangi ya chai.
Akakisoma kwa muda mrefu, midomo ikitikisika,
akauliza yule nesi aliitwa nani.
Si kwa ubaya, alisema.
Nilitaka tu kumuuliza
foleni ilikuwa ndefu kiasi gani.